Ukienda Bagamoyo, nenda kama mtu wa Ujiji

Wazee wangu shikamooni, mashehe wetu, mapadri na wachungaji mliofika, mama zetu, na nyie vijana mliojazana huko nyuma mpaka madirishani, habari za jioni. Nimeombwa niongee kuhusu safari ya pwani maana kikundi chetu hapa Ujiji kinaandaa watu wa kwenda Bagamoyo na maswali yamekuwa mengi, kila nikipita sokoni naulizwa, mwalimu tunaenda kufanya nini kule, maji si tunayo hapa, bichi si ziko Katonga na Bangwe, majumba ya Wajerumani si yako pale stesheni Kigoma, nauli yote hiyo ya nini. Ni maswali ya haki kabisa na mimi nataka niyajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nianze na bichi kwasababu najua vijana ndo mnachotaka kusikia. Bahari sio ziwa. Ziwa letu Tanganyika ukiliacha jioni ukirudi asubuhi unalikuta palepale, likipanda linapanda polepole kwa miezi na miaka kama tulivyoona watu wa Kibirizi walivyohama, lakini bahari inapwa na kujaa kila siku, kwahiyo unaweza ukafika ufukweni Bagamoyo saa nne ukakuta maji yamekimbia mbaaali huko, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, watoto wanatembea mahali ambapo usiku watu walikuwa wanaelea, alafu mchana maji yanarudi yote. Kwahiyo ukitaka kuogelea unauliza kwanza wenyeji maji yanajaa saa ngapi, usijitupe tu kwasababu umekulia ziwani unajua kupiga mbizi, bahari ina mkondo wake. Alafu kuna mnada wa samaki pale ufukweni jirani na lile jengo la forodha la zamani la Wajerumani, hapo mtu wa Kigoma anajisikia yuko nyumbani kabisa, kelele zilezile, mama lishe wanakaanga palepale, tofauti ni kwamba hamna migebuka wala kuhe, kuna changu na pweza na vibua. Mchanga ni mzuri, minazi ipo, upepo upo. Mwenye nafasi zaidi anapanda kaskazini mpaka hifadhi ya Saadani ambako pori linafika hadi baharini. Basi, habari ya bichi imeisha, mtaiona wenyewe.

Jambo lililonisimamisha hapa ni lingine. Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na nilikuwa nafundisha Bagamoyo kama mji wa kule na Ujiji kama mji wa huku, mada mbili, kurasa mbili tofauti. Ukisimama kule kwa miguu yako ndo unaona kwamba ule ni mji mmoja umekatwa vipande viwili na katikati ipo njia ya kilomita kama 1,200. Njia imeanzia ufukweni kwao, imepita Mpwapwa, imepita Kilimatinde, imeingia Tabora pale Kwihara, imekuja kuishia kwenye maji yetu hapa chini. Na sijisemei mimi tu, mwaka 2006 nchi yetu ilipeleka UNESCO orodha ya vituo vya njia hiyo, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, sita, ili ije kufikiriwa kuwa urithi wa dunia kwa pamoja. Kwa pamoja, jamani. Kwahiyo mtu wa Ujiji akienda Bagamoyo asiende kama mgeni anayeshangaa majumba ya watu, anaenda kuona upande wa pili wa mlango wa nyumba yake.

Na ukienda na macho hayo unaona vitu ambavyo mtalii mwingine anavipita.

Mfano Kaole. Ni magofu, kusini kidogo ya mji, kama kilomita tano hivi, kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe yenye nguzo, na kwenye makumbusho yao kuna vyombo vya China vilivyokuja na biashara ya bahari. Bandari ile ilikufa kwasababu mikoko na mchanga vilijaa, vyombo vikawa havifiki, watu wakahamia Bagamoyo. Mtalii anapiga picha anaondoka. Lakini mtu wa Ujiji akumbuke kwamba wale wasafiri Waingereza, Burton na Speke, walianzia safari yao maeneo hayohayo ya Kaole mwezi Juni 1857, na wapi walifika Februari 1858? Hapa. Karibu miezi minane. Na hawakuja peke yao wala hawakubeba kitu, walibebewa.

Hapo ndo pananiuma na naomba nipaseme vizuri. Ukitembea ule mji mkongwe wa Bagamoyo unaoneshwa boma la Wajerumani lililojengwa 1897, zuri kweli, kuna ngome ambayo mwanzo ilikuwa nyumba ya Mwarabu tajiri Wajerumani wakaja kuifanya ya kijeshi, kuna posta ya zamani, kuna makaburi ya Wajerumani yamepangwa yana majina. Bagamoyo ndo ilikuwa makao makuu yao mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Kila jengo lina jina la aliyelijenga na mwaka. Lakini utajiri uliojenga mji ule ulikuja kichwani na begani, pembe za ndovu, na waliobeba ni Wanyamwezi kwa maelfu na maelfu kila mwaka, na watu wa huku ziwani, na watu wa Manyema ng'ambo ya ziwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, ndo kilo 32 hivi, mtu anatembea nao miezi mitatu na zaidi, kwenda anabeba pembe kurudi anabeba vitambaa vya merikani na kaniki na shanga na waya. Hao hawana jengo lenye jina lao.

Alafu kuna kosa linalorudiwarudiwa hata na baadhi ya wanaotembeza wageni, unaambiwa waliobeba mizigo wote walikuwa watumwa. Si kweli. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru, wanapatana ujira, wanachagua msafara, wakidhulumiwa wanaweka mizigo chini wanaondoka, kwa vijana wao kwenda pwani ilikuwa heshima, kijana ambaye hajafika pwani anaonekanaga bado mtoto. Ilikuwa kazi na walikuwa mafundi wa kazi hiyo. Watumwa nao walikuwepo njiani humohumo, wamefungwa, wanatembezwa na wao, na wengine walibebeshwa pembe. Vitu viwili vilipita njia moja na ukivichanganya unawadhulumu wote, mpagazi unamnyima ufundi wake na mtumwa unamfanya aonekane kama alikuwa kazini. Kwahiyo mkisikia mtu anasema hivo kule, kwa heshima na adabu, mwambieni, ndugu yangu sisi tunatoka huko njia inakoishia, habari iko hivi.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Hapa Ujiji soko la watu lilikuwepo. Kuna koo humu zimetokana na wafanyabiashara, kuna koo zimetokana na waliovushwa ziwa kutoka Manyema hawakupenda, na kuna koo zimechanganya yote mawili, bibi huyu hivi babu yule hivi. Tunajuana ila hatusemi. Nawaelewa wazee, wengine mliambiwa na wazazi wenu mnyamaze, na kunyamaza kulisaidia watu wakaoana wakazikana wakawa Waswahili wa Ujiji wote sawa. Lakini mjukuu wako akienda kule akaingia makumbusho ya misheni akaona minyororo ndani ya kabati la kioo, atajua inamhusu au atapita tu? Mimi naona ni bora ajue, na ni bora akijua kwa mdomo wa bibi yake.

Hiyo misheni sasa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 wakitokea Zanzibar, wakapewa eneo, wakajenga, wakawa wanakomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, na kikaanzishwa kijiji cha waliokombolewa palepale. Ni mahali patulivu, unaingia kwenye barabara yenye miembe huku na huku, na miembe mtu wa Ujiji anaijua, njia nzima ile imeoteshwa miembe mpaka hapa kwetu na Tabora. Ndani kuna mnara wa kanisa la kwanza, wanauita mnara wa Livingstone.

Mnajua kwanini unaitwa hivo? Huyu mzee tunaye hapa kwenye makumbusho yetu, mnapita pale kila siku, Novemba 1871 Stanley alimkuta hapa Ujiji baada ya kutembea kutoka Bagamoyo tangu Machi. Hiyo watoto wote wanaijua. Wasichokijua ni mwisho wake. Livingstone alifariki Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, na watu wake, Waafrika, hakuna Mzungu hata mmoja pale, wakakaa kikao wakaamua wanamrudisha kwao. Wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo wa kawaida maana vijiji vingine visingekubali maiti ipite, wakaubeba. Chuma na Susi ndo walikuwa viongozi, alikuwepo Jacob Wainwright aliyejua kuandika, alikuwepo Halima aliyekuwa mpishi. Walipofika Unyanyembe, hapo Tabora, wakakutana na Mwingereza Cameron aliyewashauri wamzike hapohapo waachane na tabu, wakakataa. Wakaendelea. Miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wengine walifia njiani, na Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, mwili ukalazwa usiku ule kwenye kanisa la ule mnara, kesho yake ukavushwa Zanzibar. Mwezi Aprili akazikwa Westminster Abbey, London, na Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Mimi pale chini ya mnara nilimwambia niliyekuwa naye, huu mnara ungeitwa wa Chuma na Susi mbona ingekuwa haki tu. Sina ugomvi na Livingstone, alipinga biashara ya watumwa na maandishi yake yalisaidia kuwaamsha Waingereza mpaka Sultani Barghash akatia saini kufunga soko la Zanzibar, Juni 1873, mwezi mmoja baada ya kifo chake. Ila yeye pale mnarani alifika amebebwa. Waliofika kwa miguu ni wale.

Kingine msikose kwenda kukiona ni mahali pa kunyongea, karibu na ufukwe, kuna nguzo ya kumbukumbu. Watalii wanaota jua hatua chache tu kutoka mahali ambapo watu walinyongwa na Wajerumani. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ilikodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, wakaja na bendera yao na kodi zao na dharau zao, watu wakainuka, Pangani, Saadani, Bagamoyo, kote. Abushiri bin Salim akaongoza, Bwana Heri akaongoza upande wa Saadani. Manowari za Kijerumani zikapiga mizinga, mwaka uliofuata akaletwa kamanda wao Wissmann na askari wa kukodi, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Alafu Wajerumani wakafuata njia ileile ya msafara kuja bara, hawakuwa na nyingine. Januari 1893 wako Tabora wamemzingira mtemi Isike kwenye ngome yake, na Isike alipoona imeshindikana akalipua ghala la baruti akiwa humo na watu wake ili asikamatwe hai. Kwahiyo ile nguzo ya ufukweni na ngome ya Isike ni vita moja. Kitabuni utaikuta sura tofauti, kule ukisimama unaona ilikuwa inatembea kuja kwetu.

Sasa niseme kitu ambacho naamini ndo kitawagusa zaidi nyie mnaoishi mji huu. Bagamoyo iliachwa. Wajerumani walipoamua kujenga reli ya kati hawakuanzia Bagamoyo, walianzia Dar es Salaam mwaka 1905 kwasababu bandari ya Dar ina kina na Bagamoyo meli kubwa haisogei, na reli ilipofika Tabora 1912 misafara ya miguu ikafa kabisa. Bagamoyo ikabaki na majumba mazuri na watu wachache. Na reli ilipofika huku Februari 1914 ilienda wapi? Ilienda Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, kilomita kama nane kutoka hapa tulipokaa. Ujiji mji mkubwa, mji uliokuwa unajulikana mpaka Muskat, treni haikuja, stesheni ile nzuri ikajengwa Kigoma, meli ile Goetzen ambayo leo ni Liemba ikaletwa vipandevipande kutoka Ujerumani ikaungwa Kigoma ikashushwa majini 1915. Miji miwili, mmoja kila mwisho wa njia, imeachwa na reli moja kwa sababu ileile ya kina cha maji. Nilipoliona hilo kule, nikiangalia ile mitaa yenye milango ya nakshi na baraza ambazo zingine zimebomoka, mtu amekaa barazani anakunywa kahawa hana haraka, nikasema hawa ni ndugu zetu wa damu, kilichowapata ndo kilichotupata.

Lakini wao wamefanya kitu. Kile chuo cha sanaa, siku hizi TaSUBa, kipo tangu 1981, vijana wanatoka nchi nzima kujifunza ngoma na maigizo na uchongaji, kila mwaka kuna tamasha mji unajaa. Wametengeneza ramani ya mji mkongwe unatembea kwa mguu, wana vijana waliofundishwa kutembeza wageni, mgeni akishuka tu kwenye basi anajua aanzie wapi. Wana faida ya kuwa karibu na Dar, kweli, kama kilomita 70 hivi, sisi tuko mbali. Ila na sisi tuna vyetu ambavyo wao hawana, tuna ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, tuna Gombe hapo kwa boti ambapo Jane Goodall alifika Julai 1960, tuna huu mji wenyewe, misikiti yake, maulidi yake, mabaraza yake. Mgeni akija Kigoma anapelekwa Gombe na bichi, Ujiji analetwa nusu saa aone sanamu ya watu wawili wanapeana mkono chini ya mwembe, anarudishwa hotelini. Hakuna anayemwambia hii ndo stendi ya mwisho ya njia ya Bagamoyo. Hakuna kijana wa Ujiji wa kumtembeza mitaa. Hilo linanikera, na ndo maana nataka waende vijana hasa, waone wenzao wanafanyaje, wakae nao, wabadilishane namba za simu.

Mambo ya safari kwa haraka. Mnaweza kwenda na basi ni usiku na mchana, au treni ambayo ni polepole lakini mimi ndo naipendekeza kwasababu inafuata karibu njia ileile ya misafara, na mkiweza mshuke Tabora mkaone Kwihara, lile tembe alilokaa Livingstone 1872, ni jirani tu na mji. Dar mnachukua gari la Bagamoyo pale Makumbusho, inapita Tegeta, Bunju, mnafika. Kule ni mji wa Waislamu wengi kama huku kwetu, nguo za kuogelea zinaishia ufukweni, mitaani mnavaa vizuri. Mtu msipige picha bila kumuomba. Makaburini Kaole kuna watu wanaenda kuomba dua, vueni viatu mkiambiwa. Na lipieni viingilio, msianze kubishana kwamba sisi wenyewe, hela ile ndo inayofyeka majani kwenye magofu.

Kabla hamjaenda nina ombi moja na kikundi kimekubali liwe sharti. Kila anayejiandikisha akae kwanza na mzee wake, baba, bibi, shangazi, yeyote aliye mkubwa kwao, amuulize sisi tulifikaje Ujiji, nani wetu alitembea mpaka pwani, nani alivushwa ziwa, nani alikuwa na mzigo na nani alikuwa na mali, amrekodi kwa simu kama mzee ameridhia, kama hajaridhia aandike tu anachoruhusiwa. Asiyekuwa na mzee aje kwangu tutafute pamoja. Tukifika kule tumeshaongea na wenzetu wa mji mkongwe wako tayari kukaa na sisi jioni moja, wao waseme ya kwao sisi tuseme ya kwetu, na hayo mtakayokuwa mmerekodi ndo zawadi tunayowapelekea pamoja na dagaa na mawese. Wazee mlioko humu mnaotaka kusema msingoje kuulizwa, Ijumaa baada ya swala ya alasiri nitakuwa hapahapa na daftari, na mapadri wamesema na kule parokiani Jumapili watatupa nafasi. Majina ya wanaosafiri anaandika katibu pale mlangoni, mwanamke kwa mwanaume, mwenye nauli kamili na anayelipa kidogokidogo wote waandikwe.